Isale Juu ya Meza ya Elifuraha

Ukiacha wazazi wake, Elifuraha Ezra ana watu watatu anaowataja kwa jina kila asubuhi anapomshukuru Mungu. Wa kwanza ni Hilaria, katibu muhtasi wa ofisi ya mawakili anakofanya kazi, hapo Njoro mjini Moshi. Wa pili ni Wakili Brenda wa ofisi hiyo hiyo. Wa tatu ni mwenye ofisi mwenyewe, Mzee Efraimu, ambaye aliwahi kumwambia mbele ya wateja arudi kwao kwenye mpunga. Ukimuuliza huyu wa tatu ameingiaje kwenye shukrani, atakuvutia kiti, na hapo ujue hutaondoka upesi.

Mambo yalianza na jina. Mzee Efraimu alikuwa akitafuta karani, barua za maombi zikaja rundo, na yeye si mtu wa kusoma barua hadi mwisho labda iwe ya mahakama. Akaliona jina Elifuraha, akaona ni Mlutheri wa Machame kama yeye, akapiga meza kofi. "Huyu wa kwetu," akasema, na kazi ikawa imepata mtu.

Kumbe majina ya namna hiyo yamejaa Singida vilevile, maana nako kuna Walutheri tele. Baba yake Elifuraha ni Mnyaturu aliyehamia Chekereni kulima mpunga wa umwagiliaji kabla binti hajazaliwa. Kwa hiyo siku ya kwanza, Mzee alipomsalimu kwa Kimachame kirefu, Kichagga cha kwao, kile cha kuulizia ukoo, mifugo na hali ya mvua, binti alijibu neno moja tu.

"Shikamoo."

Mzee akarudia, safari hii polepole, akidhani binti ana aibu. Elifuraha naye akarudia shikamoo yake.

"Marahaba. Wewe binti ni wa wapi?"

"Chekereni, Mzee."

"Na kabla ya Chekereni?"

"Singida."

Mzee Efraimu akacheka mpaka akavua miwani. Angeweza kutafuta kisababu akamrudisha nyumbani, na nani angemuuliza? Badala yake alimwita Hosea, mhudumu wa ofisi, akamwambia amwonyeshe binti meza yake. Elifuraha hajalisahau hilo, na mimi ninayesimulia naliweka hapa mapema ili msije mkamhukumu mzee wa watu kabla ya wakati.

Kazi ilimkaa. Wateja wengi walishuka kutoka mlimani au walikuja kutoka Bomang'ombe, na kesi zao nyingi zilikuwa za vihamba, yale mashamba ya ukoo yenye migomba na kahawa ambayo ndugu wako radhi kutosalimiana miaka ishirini kwa ajili ya hatua mbili za ardhi. Elifuraha alichapa viapo vyao mchana kutwa. Humo ndimo alimojifunza masale, mimea yenye majani marefu inayopandwa kuonyesha mwisho wa kihamba. Fulani kang'oa masale, fulani kasogeza masale usiku, masale yaliyopandwa na marehemu babu yangu bado yapo. Alilichapa neno hilo mara nyingi kuliko alivyowahi kuandika jina lake. Na jioni alikuwa anasoma sheria kwa masafa, akiwa na nia ya kuwa wakili, na hakuna shule iliyomfaa kama ile ofisi. Mzee alimwazima vitabu, akamchukua mahakamani, akamwonyesha jinsi ya kumsikiliza shahidi bila kumkatiza.

Kasoro ilikuwa moja. Wote mle ndani walikuwa wa mlimani: Mzee na Hosea wa Machame, Hilaria wa Kibosho, Wakili Martin wa upande huo huo. Kiswahili walikizungumza kwa wateja na kwa simu. Wakibaki wenyewe, hasa jambo likinoga, waliteleza bila kujijua, na Elifuraha akabaki anatabasamu kama mtu aliyeketi kwenye harusi asiyoalikwa. Wakicheka, anacheka nusu. Wakinyamaza anapoingia, anajiuliza kama walikuwa wanamsema. Watu wabaya hawakuwa, na ndiyo maana alishindwa hata kulalamika.

Halafu akaja Brenda. Huyu ni mtoto wa kaka yake Mzee, amekulia Dar es Salaam, na alirudi Moshi kuwa mshirika katika ofisi akiwa na mawazo mapya na kompyuta nyembamba. Mwezi wa kwanza akaweka njia ya mteremko mlangoni ili mwenye kiti cha magurudumu aingie bila kubebwa. Mwezi wa pili akaandika kurasa tatu, akaziita sera ya ujumuishi: ofisi itaajiri na kupandisha vyeo wanawake na wanaume, wenye ulemavu na wasio nao, watu wa kila kabila na kila dini, na kila mmoja atajiona yuko kwake. Mzee aliisoma, akasema ni maneno mazuri, ikaitishwa Ijumaa ya kuyajadili. Elifuraha akapangwa kuandika kumbukumbu za kikao.

Kikao kilianza vizuri. Ajenda tatu za mwanzo zilikwenda kwa Kiswahili sanifu, mpaka ungedhani mko redioni. Ilipofika ya nne, iliyoitwa lugha ya ofisi, Wakili Martin akatupa utani kwa Kichagga. Mzee akamjibu. Hilaria akachombeza. Brenda akasema, "Jamani, Kiswahili," mara mbili, na mara ya tatu akanogewa naye akaingia. Wakajadili kwa Kichagga jinsi ya kutompa mtu kisogo, huku mtu mwenyewe amekaa na kalamu yake mkononi.

Elifuraha aliandika alichokiona. Ajenda ya nne ikasomeka hivi: "Kuanzia saa nne na dakika ishirini hadi saa tano na nusu wajumbe walizungumza kwa Kichagga. Mwandishi hakuelewa. Wajumbe walicheka mara saba."

Jumatatu karatasi ikagawiwa. Brenda alipoisoma aliinamisha uso juu ya meza kwa aibu. Mzee yeye alipanda mori. Akatoka chumbani kwake na karatasi mkononi, akamkuta Elifuraha mapokezi, wateja wawili wamekaa.

"Binti, umenianika! Nimekupa kazi, nimekupa vitabu, na wewe unanihesabia vicheko? Kama lugha yetu inakukera, rudi kwenu kwenye mpunga!"

Mlango ukabamizwa. Wale wateja wakaanza kusoma kalenda ukutani.

Nyumbani Chekereni, Mzee Ezra alimsikiliza binti yake hadi mwisho, akifikicha tope lililokauka miguuni. Hakumtukana Mzee Efraimu, wala hakumwambia binti avumilie. "Kama unaondoka, ondoka kwa barua," alisema. "Wewe ni mtu wa sheria." Elifuraha akaandika barua ya kuacha kazi, mistari sita, na kila mstari ulimuuma. Alikuwa ameshaomba nafasi katika ofisi nyingine mjini siku za nyuma na hakuna aliyemjibu. Kuondoka pale kulikuwa ni kuuweka uwakili pembeni, pengine moja kwa moja. Lakini kukaa mahali ulipofukuzwa mbele za watu nako kulimshinda.

Asubuhi iliyofuata alimkuta Hosea amesimama kando ya meza yake, amevaa koti la kanisani, siku ya kazi. Alikuwa na jani moja refu, bichi, amelishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Baba Hosea."

"Marahaba, mwanangu. Mzee amenituma nikuletee hili."

Akaliweka juu ya meza taratibu, akarudi nyuma hatua moja, akangoja.

Elifuraha alilitambua. Angeacha vipi kulitambua? Lilikuwa isale, lile lile la kwenye viapo, jani la mpakani. Akasoma ujumbe kama alivyousoma katika mafaili mia mbili: hapa ni mwisho wa kihamba cha watu, wewe uko upande wa pili. Jana alifukuzwa kwa mdomo, leo amewekewa mpaka. Akaona hata ule mdomo wa jana ulikuwa na heshima zaidi.

Akafungua mkoba, akatoa barua. Akalibeba jani, akaingia chumbani kwa Mzee, akaviweka vyote viwili mbele yake.

"Mpaka nimeuona, Mzee," alisema. "Asante kwa vitabu."

Elifuraha hakungoja jibu. Alipopita mapokezi alimwona Hosea ameshika kichwa, na Hilaria ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili, macho yamemtoka.

Akavuka barabara, akaketi kwenye benchi la mama mmoja auzaye mtori, ile supu ya ndizi, akalia bila kuagiza chochote. Haikupita muda, akamwona Hilaria anakuja mbio. Sasa huyu Hilaria ni mwanamke mzito, hakimbii hata mvua ya masika ikimkuta na nywele mpya. Alifika akihema, akajitupa kwenye benchi.

"Mdogo wangu, umefanya nini? Umemrudishia Mzee isale!"

"Nimelirudisha, ndiyo. Nifanye nini na mpaka wake?"

"Mpaka gani?"

"Si isale ni mpaka? Nimelichapa miaka miwili, Dada Hilaria. Amenipimia mwisho wangu."

Hilaria akamtazama. Kisha akaanza kutikisika mabega, na Elifuraha hakujua kama analia au anacheka, kwa sababu alikuwa anafanya vyote.

"Yesu na Maria! Eli, isale ni la kuombea msamaha. Mtu akikukosea, hata akikukosea vibaya, anamtuma mtu mzima akuletee isale, nawe unapokea, mnakaa mnazungumza. Halikataliwi! Sijawahi kuona mtu amelikataa. Na Mzee, tangu nimjue, hajawahi kumpelekea mtu. Na mdogo wake wa tumbo moja hawasemezani mwaka wa sita, na hajampelekea. Alfajiri ya leo kaenda mwenyewe mlimani kulichuma kwenye kihamba cha baba yake. Na wewe unamwambia 'mpaka nimeuona'!"

Elifuraha aliliona jani lile upya, na mikono miwili ya Hosea, na lile koti la kanisani.

"Mbona hakusema?" aliuliza. "Mbona Baba Hosea alisimama tu?"

"Hakuna anayesema," Hilaria akajibu. "Sisi tunajua tu." Na alipolisikia neno lake mwenyewe, akainama. "Pole, mdogo wangu. Twende."

Walimkuta Mzee Efraimu ameketi palepale, jani liko mapajani, barua haijafunguliwa. Alionekana kama mtu aliyetoka msibani. Brenda, Martin na Hosea walikuwa wamesimama kando ya ukuta. Hilaria akaeleza kwa Kiswahili, kutoka neno la kwanza mpaka la mwisho. Alipofika kwenye mpaka, Martin alitaka kucheka, Brenda akamkanyaga.

"Mimi nilidhani jani linasema lenyewe," alisema Mzee.

"Linasema, Mzee," Elifuraha akajibu. "Ila linasema kwa Kichagga."

Mzee akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Kwenu mtu akikosa," aliuliza, "anafanyaje?"

Elifuraha alimfikiria baba yake, na namna alivyowahi kumwomba jirani radhi kwa sababu ya maji ya mfereji, akiwa amesimama ndani ya tope. "Anasema, Mzee."

Mzee Efraimu akasimama. Ni mtu wa miaka sabini na mbili, amesimama mbele ya majaji wa kila aina, na wote waliokuwepo wanasema hawajawahi kumwona akisimama kwa shida namna ile. Akalishika isale kwa mikono miwili.

"Elifuraha, binti wa Ezra. Nilikuita hapa kwa sababu ya jina, nikakuacha peke yako miaka miwili. Ulipoandika ukweli nikakutukana mbele ya watu. Nilikukosea. Naomba unisamehe."

Elifuraha alikuwa amejiandalia maneno mengi makali tangu jana, na yote yalimkimbia. Alipokea jani kwa mikono miwili, kama alivyomwona Hosea akilishika. "Nimekusamehe, Mzee," akasema. Machozi yakamtoka mbele ya wote na hakuyafuta. Anasema hakuwahi kushukuru kwa namna ile, si alipofaulu mitihani, wala mwaka jana alipoapishwa kuwa wakili, kwa sababu siku hizo alipewa alichokifanyia kazi, na siku ile mtu mkubwa alijishusha kwa ajili yake katika lugha anayoielewa.

Hapo kila mtu akapumua. Mzee, ambaye alikuwa amechoka na amefurahi na hajui pa kuweka mikono, akamgeukia Hosea na kuanza kumwambia jambo kwa Kimachame. Akafika katikati ya neno. Akakwama. Akamtazama Elifuraha, akatikisa kichwa, na kuanza upya.

"Nilikuwa namwambia Hosea," alisema kwa Kiswahili, "kwamba huyu binti hajanywa chai."