Baba mkwe alinikimbia mpaka kwenye gemu, nusura nirudi kwetu

Wakuu, habari za jioni. Humu mimi ni msomaji wa siku nyingi, kuandika ndiyo naanza leo. Haya yamenikuta mwenyewe, na mume wangu yuko hapa pembeni anacheka.

Mimi ni wa Kilosa, nimeolewa Kyela. Tunaishi Mbugani, wakwe wako Ndandalo, wanalima kakao na mpunga.

Shida ilikuwa baba mkwe.

Nikienda kwao nikiingia sebuleni, anatoka. Tukikutana njiani, anakata kona kwenye migomba. Hata salamu zake naletewa na wifi.

Nikajua tu mzee hanitaki. Mume sikumuuliza, niliogopa jibu. Nikamwambia mama yangu kimyakimya kwamba mpunga ukishavunwa narudi nyumbani. Nilikuwa nimechoka jamani.

Sasa, mimi, mume na wifi tunacheza lile gemu la bunduki la kwenye simu, aina ya kushika maeneo. Kuna maduara matatu, A, B na C. Unasimama ndani ya duara mpaka lijae liwe lenu, na mkiwa wawili linajaa haraka. Kuua tu hakuleti ushindi. (Nyie mnaokimbizana na maadui huku duara liko wazi, mnajijua.)

Jumapili moja baada ya ibada tukapungukiwa mtu. Wifi yangu Atu akasema kwenye maiki, "Namwingiza baba."

Kumbe mzee alijifunza gemu kipindi amevunjika mguu. Na ana shabaha, acheni!

Mechi ikaanza. Mzee kasimama B, duara linajaa. Nikakimbia kumsaidia. Nilipokanyaga tu, akatoka.

Nikasema labda kaona adui. Nikahamia A. Baadaye naye akaja A, akanikuta, akageuka mbio, akapigwa risasi za mgongo. Tulifungwa vibaya.

Machozi yakanitoka. Hata kwenye gemu!

Nikasema maiki ikiwa wazi, "Kama baba hanitaki aniambie, niende kwetu."

Atu akaangua kicheko.

"Ee wifi! Hukuambiwa? Kwetu mkamwana na baba mkwe hawakai pamoja, ndiyo heshima yenyewe. Na anayetakiwa kukwepa ni wewe! Baba aliona hujui, akasema basi atakwepa yeye badala yako, majirani wasije wakakusema."

Nikamgeukia mume. Eti, "Nilidhani unajua." Wanaume!

Wakuu, nilihisi kama nimetua ndoo ya maji kichwani.

Tukacheza tena. Mzee akashika A, mimi C. Mwishoni nikazingirwa, uhai umebaki kidogo na duara halijajaa. Nikamwona mzee anakuja mbio kutoka A.

Akasimama nje ya mstari wa duara, akanipa mgongo, akawa anamwangusha kila anayesogea. Ndani hakukanyaga hata mara moja.

Duara likajaa. Tukashinda.

Atu akaleta ujumbe, "Baba anasema ndaga fijo, mwanangu." Yaani asante sana. Nililia tena, safari hii kwa raha.

Mama nimeshampigia, sirudi.

Somo langu: uliza kabla hujafungasha. Nimeumia miezi yote ile kwa jambo la swali moja.

Mlioolewa au kuoa mbali na kwenu, ni mila gani iliwaliza kabla hamjaielewa? Shusheni hapa. Na wa Kyela, kama kuna nyingine sijaambiwa, niambieni mapema.