Mafuta ya Nazi Ndani ya Bunduki ya Babu

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, wajukuu zangu na wajukuu wa wenzangu, mnaokaa Ibra na Sur na Nizwa na Kiswahili mmekiokota jikoni kwa bibi zenu, kaeni mnisikilize. Mimi si mtu wa vitabu. Nilihitimu Msahafu chuoni, skuli nikaenda miaka minne, kisha ikawa basi. Lakini kuandika najua, na hili nimeona niliandike kwa mkono wangu kabla sijalisema kwa mdomo mbele ya ukoo mzima, maana mdomo wangu ulishindwa kulisema kwa zaidi ya miaka hamsini. Na msitazamie kisa cha kuwachekesha. Nilifanya kosa nikiwa mtoto, na huo ni udhuru. Nikalinyamazia nikiwa mtu mzima, na hilo halina udhuru.

Harufu ya kosa hilo ni mafuta ya nazi. Tulipofika Ibra kutoka Unguja nilikuwa na miaka kumi na moja, na kitu kilichotutambulisha mtaa mzima kilikuwa harufu hiyo. Mama alikuja na dumu la mafuta aliyoyapika mwenyewe, akitupaka nywele, akikaangia samaki, akimkanda baba mgongo, hata mito ya nyumba yetu ilinuka nazi. Ilikuwa msimu wa joto, mitende imeinama kwa matunda, na nje ya mji watu wanachemsha tende za mabsali katika masufuria makubwa ya shaba, moto wake wa makuti unatoa moshi wa utamu mzito unaokwama kooni. Kila nikivuta pumzi nilivuta moshi wa tende za wenyeji, kisha nikirudi ndani navuta nazi yetu, nikajua kabisa mpaka wa nyumba yetu ulipo. Wenyeji nao waliujua. Watoto wa Ami Hamed, binamu zangu wa damu, wakiziba pua nikipita.

Ami Hamed alikuwa kaka yake baba kwa baba mmoja. Yeye alibaki Oman, baba akazaliwa Unguja, na walikuja kuonana wote wakiwa na mvi. Tulipewa vyumba viwili nyuma ya nyumba yake, na kwa hilo Mwenyezi Mungu amlipe. Baba yangu alikuwa fundi saa. Duka lake la Unguja liliachwa huko, alichokuja nacho ni kisanduku cha bisibisi ndogondogo na lenzi ya jicho. Sasa Ibra ya siku zile nani ana saa ya kutengeneza? Baba alikaa wiki tatu anakula chakula cha kaka yake na kutazama mikono yake. Mpaka siku moja Ami akaja na bunduki imezongwa gunia, akaiweka mbele yake, akasema, "Hii ya babaetu. Haijalia tangu alipokufa. Wewe unajua vyuma vidogo, itazame."

Ilikuwa ile bunduki ya zamani ya Waingereza, ya risasi moja moja, ambayo huku huiita sam'a. Ina mkono wa chuma chini yake. Ukiuvuta, kinywa kinafunguka kwa juu, unatia risasi, unakirudisha. Babu yetu aliufunga mtutu wake kwa pete za fedha. Ilipokuja kwetu fedha ilikuwa nyeusi, mbao zimepasuka, na ndani kutu imekula kama mchwa. Nilimwona baba akiishika, akaipitisha kidole kitakoni pale palipolika kwa shavu la babaake, mtu ambaye hakumjua sana, na toka siku ile akawa mtu mwingine. Akawa anaamka na kazi.

Wiki sita tuliifanya ile bunduki, mimi na yeye. Mama alisema, "Mtoto wa kike na bunduki wapi na wapi?" Baba akamjibu, "Vidole vyake vyembamba, Bi Asha, vyangu havifiki." Tuliitandika vipande vipande juu ya kanga kuukuu. Nikaosha kila kipande kwa mafuta ya taa, nikasugua kwa msasa laini na majivu, baba akaziba nyufa za mbao kwa gundi aliyoipika mwenyewe. Pete za fedha nilizisugua kwa ndimu mpaka nikajiona uso. Ndani ya kile kinywa kuna springi, na ndani ya springi kuna sindano ya chuma. Hiyo ndiyo inayoruka kwenda kuigonga risasi kitakoni. Baba akanieleza, "Kila kitu hapa ni cha kutazamwa na watu, Zuwena, ila hii sindano. Hii ndiyo bunduki yenyewe." Kuitia mafuta sindano ile ilikuwa kazi yangu. Alikuwa na kikopo chenye mdomo mrefu, mafuta ya cherehani, mepesi kama maji, alikuja nayo toka Unguja katika kisanduku chake cha saa.

Kile kikopo nilikimwaga. Siku ya mwisho ya kazi nilikiacha wazi juu ya kizingiti, punda wakapita na mikungu ya mabsali, nikakimbilia kuwatazama, na guu langu likakipiga. Mchanga uliyanywa yote. Baba alikuwa msikitini. Naapa, baba hakuwa mtu wa kupiga, na wala asingesema neno. Mafuta yale yale yalikuwepo nyumba ya pili, mke wa Ami alikuwa na cherehani. Hatua hamsini tu. Nilichotakiwa ni kwenda, kupiga hodi, na kuomba.

Sikwenda. Kiarabu changu kilikuwa cha Msahafu, cha nyumbani sikuwa nacho, na wale binamu walikuwa na mchezo wao. Nikisema neno wananizunguka, "Hebu sema tena, Zinjibariya, sema tena," wananilazimisha kulirudia mara tano, sita, kisha wanaliiga kwa pua. Mafuta ya cherehani kwa Kiarabu yanaitwaje sikujua. Nikasimama uani, nikaufikiria mlango wao, nikaona haya mpaka masikio yakaniwaka moto. Nikaingia jikoni, nikachukua dumu la mama, nikajaza kikopo mafuta ya nazi. Yalikuwa mepesi, meupe, yanang'ara. Kwa joto lile hakuna ambaye angeyatofautisha. Harufu? Nyumba nzima harufu hiyo. Baba aliporudi nikaitia sindano mafuta mbele ya macho yake, matone manne, na nikasugua kwa kidole kama alivyonifunza. Akaifunga bunduki, akavuta, ikalia tak, safi kama saa. Akanibusu kichwani.

Ami Hamed aliichukua siku ileile, akaitundika kwenye sabla, barza yao ya wanaume, akawaita watu waje kuitazama. Risasi zake zilikuwa tatu tu, hazikuwa zikipatikana tena, akasema atazipiga Idd Kubwa mbele ya ukoo wote. Wanaume waliokuja kuitazama wakaanza kumwambia baba, mimi nina ya babu yangu, mimi nina ya mjomba wangu, Idd ikipita nitakuletea. Nilisikia mwenyewe. Baba akatafuta kijichumba sokoni, akakifagia, akapigilia rafu za mbao ukutani. Kwa mara ya kwanza toka tufike nilimsikia akiimba akioga.

Idd iliangukia katikati ya baridi. Sisi baridi ile hatukuwa tukiijua. Unguja kipupwe kikizidi sana unatafuta shuka. Asubuhi ya Idd mama alinikalisha anipake nywele, akainamisha dumu, hakikutoka kitu. Akachungulia ndani. Mafuta yalikuwa yameganda, meupe pe, magumu kama samli. Mama akacheka, "Tazama nchi hii, hata nazi imekufa baridi," akaliweka dumu juani.

Mimi sikucheka. Nilijua palepale, kama nilivyojua jina langu. Niliiona ile sindano imekaa ndani ya springi, imezungukwa na uji mweupe. Na ndipo baba akaingia, amevaa kanzu mpya na kilemba alichofungwa na kaka yake, ananukia udi, akasimama mlangoni ili tumtazame. Akaniona usoni. "Una nini, Zuwena?"

"Sina kitu, baba."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

Alinitazama kidogo, kisha akaitwa, akatoka. Kutoka mlango wetu mpaka sabla ni mwendo wa dakika moja. Ningemkimbilia, ningemshika kanzu, angeiweka bunduki juani nusu saa na ingelia. Nikabaki kwenye kigoda na nywele zangu kavu.

Wanawake tulitazama kutoka juu ya paa la nyumba. Wanaume walicheza ngoma ya razha, panga zinarushwa na kudakwa, kisha wakaweka jiwe jeupe la shabaha chini ya kilima. Wawili watatu walipiga kwanza kwa bunduki zao, mlio ukarudi kutoka mlimani. Kisha Ami Hamed akatoka na sam'a ya babaake, pete zinametameta, watu wakanyamaza kwa heshima ya yule marehemu. Akatia risasi, akaweka shavu kitakoni, akavuta. Tk. Sauti ndogo kama ya mtu anayefyonza. Akangoja, akafungua, akaitoa, akatia ya pili. Tk. Watu wakaanza kujikohoza. Ya tatu aliishika muda mrefu kabla ya kuvuta, nikaomba dua zote nilizohifadhi. Tk.

Mzee mmoja mwenye meno mawili akasema kwa sauti, "Mngojeeni. Huyu kaitengeneza saa. Ikifika saa sita itagonga." Wakacheka wote, mpaka watoto, mpaka wanawake waliokuwa nami juu. Ami Hamed hakucheka. Alimpa baba ile bunduki kwa mkono mmoja, bila kumtazama.

Baba akaifungua kinywa, akatia ncha ya kidole, akakisugua kwa dole gumba. Kisha akakiweka puani. Akainua kichwa, polepole, akatazama juu kwetu, na katika wanawake wote wale akaniona mimi. Sikumkwepa macho, siwezi kusema kwa nini. Akashusha kichwa, akamwambia kaka yake, "Kosa langu. Nimetia mafuta mabaya." Hakusema zaidi ya hapo, siku ile wala siku nyingine mpaka anakufa. Kile kikopo sikukiona tena.

Hakuna aliyemletea bunduki. Kijichumba cha sokoni akakirudisha. Baada ya mwezi akaenda Sur kulinda ghala, akawa anarudi kwetu Alkhamisi na kuondoka Ijumaa, na kisanduku chake cha bisibisi hakukifungua. Jina wakambandika Bu Saa, baba saa, na jina likakaa. Mwanamume wa ukoo akikosa shabaha mpaka leo huambiwa, umetengenezewa na Bu Saa. Mimi nikakua, nikajifunza Kiarabu, nikaolewa, nikazaa, na kila nikilisikia jina hilo nikaendelea kupakua chakula.

Sasa nakuja kwenye leo. Mjukuu wangu Salim anafanya kazi Sur, ana mshahara mzuri, na raha yake ni bunduki za kale. Ijumaa yuko Nizwa sokoni, kunako bunduki na majambia, anainamia mitutu kama mwanamke anayechagua vitambaa. Ana vibali vyake vyote, ana meza kwangu, ana jiliwa la kubania vyuma, ana mafuta ya kila namna katika vichupa vyenye majina, na wakati wa baridi huenda na wenzake kupiga shabaha. Nyumba yangu yenye varanda inanuka mafuta ya taa tena. Kitu ambacho baba alikifanya kwa majivu na ndimu ili apate mahala pa kukaa katika ukoo wake, huyu anakifanya kwa kujifurahisha, na hakuna anayemcheka Kiarabu chake. Naona furaha, na naona wivu kwa ajili ya marehemu baba.

Wiki iliyopita alikuja na gunia. Wajukuu wa Ami Hamed wamempa. Walimwambia, "Chukua saa yenu." Alipoifungua nikaziona zile pete, nyeusi tena.

Akaifanyia kazi siku mbili. Siku ya pili akakifungua kinywa, akaitoa sindano, nayo imeshikamana na springi kwa utandu wa manjano, mgumu kama nta. Haikufunguliwa tangu Idd ile. Salim akaukwaruza kwa kisu, akatikisa kichwa. "Wallahi, Bibi, aliyetengeneza hii hakuwa fundi. Ameiharibu mwenyewe."

Nami nikanyamaza. Mimi, mwenye mvi hizi, ninayewafokea watoto kwa uongo wa kijiko kilichovunjika, nilinyamaza kama nilivyonyamaza kwenye kile kigoda. Nikamuuliza kama atakunywa chai. Siku tatu nilizunguka nyumba na neno hilo, hakuwa fundi, na kila nikisujudu nikakiona kidole cha baba puani kwake. Alikuwa fundi kuliko wote. Alichokosea ni kuniamini mimi, na aibu yangu ya kuchekwa akaivaa yeye mpaka kaburini.

Jana, baada ya Alasiri, niliwakusanya wote varandani: wanangu, wake zao, wajukuu, Salim na mikono yake ya mafuta. Nikawaambia kama hivi nilivyoandika. Mkwe wangu akataka kunishika mkono, nikamwambia aache. Kisha nikatoa amri, na ninaiandika hapa ili asije mtu akasema hakuisikia. Siku ya Idd, baada ya sala, mtanipeleka kwenye sabla ya Ami Hamed. Salim ataibeba bunduki, imetiwa mafuta yake ya haki, na hataipiga mpaka nimemaliza. Mimi nitasimama mbele ya wanaume wote wa ukoo na nitasema ni mkono wa nani uliotia mafuta, na baba yangu alikuwa fundi wa namna gani. Nitasema kwa Kiarabu changu hiki hiki. Nikikwama, mniache nikwame. Wakicheka, waacheni wacheke. Na asinisaidie mtu hata neno moja.