Mchanga wa Kwetu, Eti

Eti mabosi wangu wameenda kwetu bila mimi!

Madam, mumewe na watoto wamerudi Riyadh leo kutoka Namibia, kule jangwa linakokutana na bahari.

Nafungua sanduku nifue nguo, mchanga unamwagika zulia zima.

Madam akacheka. "Tumekuletea mchanga wa kwenu, Afrika! Na wala si mbali, tumelala tu kwenye ndege tukafika."

Watu wa Kakamega, jangwa letu liko wapi? Nijibuni.

Mama yangu alipofariki, nilimwomba huyu huyu madam niende kumzika. Akanijibu, "Halas, usiniulize tena. Afrika ni mbali."

Basi mchanga wao nimeuzoa wote nikautupa kwenye pipa.

Kwenye kaburi la mama sikutupa hata kiganja kimoja cha udongo.