Wilhelmina, fundi wa kebo za kisimani asiyepeana mkono kazini

Saa tatu asubuhi, upepo wa Septemba unapeperusha vumbi kutoka kwenye mashamba yaliyokauka. Wilhelmina Mayala amepiga magoti juu ya turubai, kebo nyeusi imelala mapajani mwake. Mwandishi wa makala haya anamsogelea na kumnyooshea mkono. Anapewa kiwiko.

"Karibu sana," anasema bila kuinua macho. "Mkono nitakupa nikimaliza."

Asiyemjua atadhani ana maringo. Hapa Mwabuhemba, kijiji kilicho nje ya Misungwi, wapo waliokwisha kulisema hilo hadharani. Usukumani mtu hapitwi hivi hivi. Anasalimiwa, anaulizwa habari za watoto, za mvua na za ng'ombe, na wakati wote huo mkono wake umeshikwa. Anayetoa kiwiko ana kazi ya kujieleza, na kwa Wilhelmina kazi hiyo ni kubwa zaidi, maana hapa ndipo ukweni kwake. Mumewe, Mihayo, alizaliwa nyumba ya tatu kutoka kilipo kisima.

Kazi yake inaelezeka kwa sentensi moja. Anaunganisha kebo ya umeme na mota ya pampu itakayozamishwa kisimani, zaidi ya mita mia moja chini ya maji. Kuifanya ndiyo shughuli.

Kila waya anaukata kwa urefu tofauti ili viungo visikae bega kwa bega. Anaingiza shaba ndani ya mirija mifupi, anaiminya kwa koleo, kisha anaanza kuzungushia utepe wa mpira, akiuvuta hadi uwe mwembamba, kila mzunguko ukilalia nusu ya ule uliotangulia. Utepe ule hauna gundi. Hujishika wenyewe, mpira kwa mpira, hadi unakuwa kitu kimoja. Lakini ukipata mafuta kidogo tu, ya kupikia au ya mwilini, haushiki.

Huko chini, anaeleza, sehemu yenye upana wa ukucha wa kidole gumba hulemewa na uzito kama wa nusu debe la maji. Maji yakipata upenyo, huingia kwenye shaba na kupanda ndani ya waya kama mafuta ya taa kwenye utambi. Mota inaungua, na mabomba yote yanapaswa kung'olewa moja moja.

"Juu hapa kiungo kibaya na kizuri vinafanana," anasema. "Chini kule ndiko vinakojulikana."

Ufundi wa umeme aliupata katika kiwanda kimoja cha nguo cha Nyakato, Mwanza, ambako alikuwa akisuka upya nyaya za mota zilizoungua, mwanamke pekee katika karakana. Mashirika ya umma yalipoanza kubinafsishwa, mashine zikazimwa na yeye akapunguzwa. Akauza dagaa sokoni Kirumba, akashona mashuka, akakaa nyumbani. Kisha zikaja kampuni binafsi za kuchimba visima, nazo zikawa zinahitaji mtu mwenye mkono mwepesi.

"Soko huria lilinitoa mlangoni, likaniingiza dirishani," anasema na kucheka. Dirisha lenyewe si pana. Kiungo kimoja humpatia shilingi elfu ishirini, na kuna miezi haitwi popote.

Leo hacheki sana. Mwezi uliopita aliunganisha kebo ya kisima hiki hiki, na kiungo chake kikafa kabla watu hawajajaza ndoo. Kampuni imekubali kuleta mota nyingine, ya mwisho. Ikiungua na hii, Mbaruku, msimamizi wa wachimbaji kutoka mjini Mwanza, ana maagizo ya kung'oa mabomba na kuipeleka pampu kijiji kingine. Wanawake wa Mwabuhemba watarudi kufukua mchanga wa mto mkavu na kugombea maji na ng'ombe.

Mbaruku, mtu wa maneno machache, ndiye anayemsimulia mwandishi yaliyotokea siku ile. Wilhelmina alikuwa katikati ya kufunga utepe mama mkwe wake alipofika kumsalimia. Bibi Tereza alikuwa ametoka kusukasuka maziwa kwenye kibuyu, mikono ikinukia samli. Mkwe akafanya linalompasa mkwe: akapiga magoti, akaipokea mikono ile kwa mikono miwili, wakasalimiana kwa kirefu. Kisha akajifuta kwa kitambaa na kuendelea. Kiungo kilipimwa ndani ya pipa la maji kikaonekana kizima. Kilipofika chini hakikufua dafu.

Kijijini Wilhelmina hakumwambia mtu habari za samli. Walipouliza, alijibu kwamba mikono yake ilikosea, akaishia hapo.

Na leo, shaba ikiwa bado wazi na utepe ndio kwanza umeanza kuzunguka, Bibi Tereza anakuja tena. Amevaa khanga mbili na anatembea taratibu, nyuma yake wanawake wengine wa kijiji. Mafundi wanaacha walichokuwa wakifanya. Mbaruku anaangalia pembeni.

Wilhelmina anaiweka kebo juu ya turubai safi, anageuka na kupiga magoti chini kabisa, ila mikono ameiinua juu, vidole vimetanuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Bibi Tereza amekwisha kunyoosha mikono.

"Mama, leo sikupi mkono. Siku ile nilikupa ukiwa na samli, nikaona haya kwenda kunawa mbele yako. Maji yakaingia. Kosa ni langu, si lako."

Bibi Tereza anamtazama mkwe wake, anaitazama ile kebo, kisha anageuka na kuondoka. Mwanamke mmoja anaguna. Wilhelmina anarudi kwenye turubai akiwa na machozi, na anayafuta kwa bega, maana hata machozi hayatakiwi pale.

Kabla hajamaliza waya wa kwanza, vumbi linaacha kumpiga. Anainua kichwa. Bibi Tereza amezunguka upande unakotokea upepo, amevua khanga ya juu na kuitandaza kwa mikono miwili kama ukuta.

"Fanya kazi, mwanangu," anasema. "Salamu nitaisubiri."

Wenzake wanatazamana, kisha mmoja baada ya mwingine wanavua khanga zao na kusimama naye. Wilhelmina anafunga kiungo chote ndani ya ukuta huo wa nguo, na mwandishi anakiri kwamba hajapata kuona karakana nzuri kuliko ile.

Mchana mabomba yanateremshwa. Jenereta linawashwa. Wilhelmina amekaa chini, kichwa ameinamisha, anasikiliza mota kama mama anayesikiliza pumzi za mtoto mwenye homa. Bomba linakohoa, linatema tope, kisha maji ya rangi ya chai, kisha maji meupe. Watu wanangoja. Siku ile yalitoka pia, yakakatika. Ndoo ya kwanza inajaa, ya pili inajaa, na maji bado yanatoka. Hapo ndipo vigelegele vinapoanza.

Wilhelmina ananawa mikono kwa sabuni, anapiga magoti mbele ya mama mkwe wake na kuinyoosha yote miwili. Bibi Tereza haipokei. Anampita, anakwenda bombani, anaomba sabuni na kunawa hadi viwikoni. Ndipo anarudi na kuishika mikono ya mkwe wake, na haiachii.

"Wabeja, mwanangu," anamshukuru kwa Kisukuma. "Wabeja sana."

Wanaulizana habari za watoto, za mvua, za ng'ombe. Mbaruku, ambaye ana gari la kurudisha mjini, anazima injini na kungoja.

Wilhelmina anapanga kufungua karakana yake Nyakato, chumba kimoja kisichoingiza vumbi, na kuwafundisha kazi hii wasichana wawili watatu, kwa sababu wachimba dhahabu wanazidi kuja kanda hii, na visima vyao vya maji vinazidi kwenda chini. Utepe ameanza kununua kidogo kidogo. Mlangoni ataweka beseni la maji na sabuni.

"Beseni si wazo langu," anasema. "Mama amesema atalileta mwenyewe, na atakuwa wa kwanza kunawa."