Dakika Mbili za Mama

Kazi yangu ni kuhariri filamu. Wengine hupiga picha, mimi hukata. Mwaka juzi nilipewa filamu ya mdahalo mmoja uliofanyika kwenye ukumbi katikati ya jiji: ufeministi unajenga nyumba au unabomoa? Upande mmoja alikaa wakili, mwanamke asiyemwogopa mtu. Upande wa pili alikaa mchungaji aliyekuja na waumini wa kujaza viti vya mbele. Kabla ya saa moja kwisha, watu walikuwa wanazomeana na mwenye kuongoza mdahalo ameishiwa na sauti. Kwa watu wa filamu, hiyo ni neema tupu.

Siku ya mdahalo nilikuwemo ukumbini, na mama yangu kando yangu. Alikuwa amekuja kutoka magharibi mwa Kenya kwa daktari wa macho kule Upper Hill. Akija Nairobi hulala Ngara kwa binamu yangu, katika chumba kimoja juu ya duka la jumla, ingawa mimi na mume wangu tuna nyumba ya vyumba vitatu mtaa wa Satellite. Kwetu mama halali kwa mkwe wake, wala hawali meza moja. Watu wakiniuliza, nilikuwa na jibu tayari: "Ni mama mwenyewe hataki. Si unajua wazee." Daktari alimaliza naye mapema, sikuwa na pa kumwacha, nikaenda naye mdahaloni. Nilidhani atasinzia.

Wakati wa maswali nikaona mkono wake umeinuka. Nilimvuta gauni. Akauondoa mkono wangu taratibu, kama mtu anayemwondoa kuku mezani, akapokea maikrofoni.

"Mimi ni mgeni hapa," alisema. "Nimeletwa na msichana yangu. Yeye ni wa hii maneno yenu, mpaka shati yake imeandikwa. Lakini mimi nikikuja Nairobi nalala kwa watu. Kwake kuko na kitanda, nasikia. Anaambia watu eti mama ndio hataki." Akaisogeza maikrofoni karibu. "Mimi sijawahi kuulizwa. Sasa nyinyi mumesoma, mnataka bwana zenu wawe wanawauliza. Na sisi wamama, nani atatuuliza?"

Ukumbi ulicheka, kisha ukapiga makofi, waumini wa mchungaji pamoja na mashabiki wa wakili. Nilitamani ardhi ipasuke. Niliona aibu, na nilimkasirikia kwelikweli. Tulipotoka tulizungumza juu ya dawa ya macho, matone mangapi na mara ngapi kwa siku.

Tulipoanza kuhariri, mwongozaji wa filamu, ambaye hakujua yule ni mama yangu, aliniandikia kando ya dakika mbili alizozungumza mama: usiguse. Nilizigusa. Nilimwambia zinapunguza kasi, mzee ametoka nje ya mada, watu watachoka. Nilirudia hivyo wiki nzima mpaka akakubali, kwa sababu analiamini jicho langu. Sikumwambia kwamba mume wangu ataiona filamu hiyo, na marafiki zangu wote, na kwamba shati lile la kifeministi nililovaa kando yake linajulikana. Kwa wiki sita nilikuwa nimewatazama wanaume katika picha zile wakijibu kwa niaba ya wake zao, nikiguna peke yangu mbele ya kompyuta. Nyani haoni kundule.

Filamu ilionyeshwa Jumamosi moja mchana. Mama sikumwalika mimi, alialikwa na binamu. Alisafiri kutoka nyumbani kwa sababu hiyo tu, amevaa kitambaa kipya cha kichwani, na alikuwa amewaambia kina mama wa kanisani kwamba ataonekana kwenye sinema. Alikaa safu ya mbele kwa ajili ya macho yake. Wakati wa maswali ulipofika kwenye filamu, alijiweka sawa kitini. Mkono wa mtu mwingine ukainuka, kisha wa mwingine, kisha majina ya waliotengeneza filamu yakaanza kupanda, langu likiwemo. Watu walipiga makofi. Yeye pia alipiga.

Nje, kwenye ngazi, aliniuliza, "Na mimi?"

"Sauti haikutoka vizuri, mama. Ile maikrofoni ilikuwa mbaya."

Alifikiri. Hakunishuku hata kidogo, na hilo liliniuma kuliko kama angenigombeza.

"Ungeniambia tu," alisema. "Ningerudia. Simu yako si inashika sauti? Toa."

Niliitoa. Alikohoa, akakaza kitambaa chake, akaanza upya kwa sauti ya juu, watu wakitupita wakishuka ngazi: yeye ni mgeni, ameletwa na msichana wake, kitanda kiko, anasikia. Hakuacha kitu. Alipofika kwenye swali lake alinitazama mimi, si simu, akaningoja nijibu.