Mchi wa Jirani

Mkono wa kushoto wa jirani yetu niliuvunja mimi. Wengine walimpiga mateke, lakini mfupa ule ni wangu.

Siku zile, kila alasiri, nilikuwa nikimsomea binti yangu wa miaka tisa riwaya kongwe ya ng'ambo, ya wazungu waliomhukumu mtu kwa weusi wake. Nilisoma huku nalia. Nikifunga kitabu nampa wasia: mwanangu, usimdharau kiumbe wa Mungu. Nikajiona mama wa kupigiwa mfano.

Jirani yetu alikuwa Mmakonde, mchongaji. Alizaliwa hapa hapa Msambweni, na baba yake pia, ila sisi tulimwita mgeni. Kinu changu na mchi wangu alivichonga yeye.

Asubuhi moja mbuzi wa shemeji yangu hakuonekana. Mtu akapiga ukelele, "Ni yule Mmakonde!" Hakuna aliyeuliza amejuaje. Nilikuwa natwanga mahindi. Nikatoka mbio na mchi mkononi. Nilimkuta yuko chini, mdomo umechanika, wanaume wanamkanyaga mbavu. Akainua mkono kukinga uso. Nikaupiga. Ukalia kama muhogo mkavu. Nikapiga tena, na nitasema kweli: nilisikia raha. Hasira zangu zote za mwaka ule nilizimalizia kwa mzee wa watu.

Nilipogeuka, leso yangu ina damu, binti yangu alikuwa amesimama nyuma yangu.

Adhuhuri mbuzi alirudi mwenyewe, anaburura kamba. Waliompiga mzee wakakumbuka ghafla kuwa kila mmoja ana kazi nyumbani kwake.

Alasiri nikafungua kitabu. Binti yangu akakifunga.

"Mama, wale wazungu nao walikuwa na watoto?"

"Walikuwa nao."

"Walikuwa wakiwasomea?"

Nilitaka kumzaba kofi. Wallahi, mkono uliinuka. Nikaushusha, nikamshika wake, tukavuka ua mpaka kwa jirani. Alikuwa amekaa mlangoni, mkono umefungwa kwa leso ya mkewe, damu imemkaukia shingoni.

"Shikamoo, mzee," nikasema. "Aliyekuvunja mkono ni mimi."

Alimtazama binti yangu kwanza, ndipo akanitazama mimi.

"Najua," akasema. "Mchi wangu naujua."