Nyanya ya Saba

Kisasi changu kimenigharimu Jumamosi hamsini na mbili, nyanya hamsini na mbili nilizowatupia mbuzi wa soko la Kalerwe, na jino moja nililolivunja kwa kusaga meno usingizini. Nimehesabu mara mbili. Jino ni moja tu.

Baada ya vita kila mmoja wetu alijitafutia dawa. Mmoja aliingia kwenye pombe ya waragi na hajatoka. Mwingine hupanda kilima cha Kibuli kwenda msikitini hata kabla hakujaadhiniwa. Mimi huhesabu: ngazi, chenji, watoto wangu waliolala. Mara mbili. Wateja hudhani ni uaminifu.

Tulikuwa askari kumi. Kila tulipovuka mahali pabaya tulijipanga mstari, kila mtu akapaza namba yake. Siku tuliyovuka mto, saba alikuwa rafiki yangu, naye alibaki ng'ambo ana risasi pajani. Zamu yake ilipofika, kimya. Sajini wetu alikuwa na haraka, akaitika mwenyewe: "Saba!" Mimi nilikuwa nane. Nikapaza nane. Tukaondoka tukiwa kumi, kwenye karatasi.

Miaka ikapita. Jumamosi moja asubuhi sajini akasimama mbele ya meza yangu ya nyanya, tumbo limemtangulia. Siku hizi anakaa kwenye fleti za Bugolobi.

"Mzee, nipe nyanya kumi. Zile ngumu."

Nikamhesabia kwa sauti ya gwaride, nikizitia kwenye mfuko wake moja moja. "Nne! Tano! Sita! Nane!" Ile ya saba nikaiweka kando.

Akaniangalia usoni. Akanijua. "Hesabu tena."

"Ndiyo, afande."

Nikahesabu tena. Sita, nane. Akalipa za kumi, akabeba tisa. Siku hiyo chakula kilinikolea hata bila chumvi.

Jumamosi iliyofuata akarudi. Na iliyofuata. Yule mama wa vitunguu, jirani yangu, akashindwa kuvumilia.

"We mzee, huyo mteja wako hajui kuhesabu?"

"Anajua sana. Ndiyo maana analipa."

Juzi akaja mke wake, peke yake, pochi kaibana kwapani.

"Wewe ndiye wa nyanya? Unampa nini mume wangu?"

"Tisa kwa bei ya kumi, mama."

"Hilo nalijua! Nilitaka kuja kukugombeza zamani, akanikataza." Akashusha sauti. "Siku nyingine zote analala sakafuni, viatu miguuni. Akitoka kwako Jumamosi, analala kitandani mpaka kunakucha. Anasema Kampala nzima kuna mtu mmoja tu anayehesabu sawasawa. Tafadhali, mzee, usiache."

Kumbe mwaka mzima nimekuwa daktari wake. Na daktari mwenyewe halali.

Kumuumiza sasa ni rahisi kuliko kumenya ndizi: nihesabu moja hadi kumi bila kuruka, nimpe saba yake, arudi sakafuni na viatu vyake. Hilo ndilo ninalolitaka. Sijamsamehe na sina mpango huo. Lakini nikiitamka saba, nitakuwa nimemwitikia mtu ambaye hayupo, kama alivyofanya yeye. Nikiiruka, sajini analala kama mtoto.

Kesho ni Jumamosi. Ninyi mliowahi kulipiza kisasi mkashiba, nishaurini: nikifika sita, niseme nini?